Je, Kiswahili kina visiwa vya kisintaksia? "Ulikutana na mtu aliyenunua nini?" imekataa kuharibika

Okot_Mwalimu (Gulu)

Habari zenu wanajukwaa.

Nafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari hapa Gulu, na sambamba na kazi nasoma shahada ya pili ya isimu. Muhula huu tuko kwenye sarufi zalishi, ile inayotafuta kanuni za lugha zilizomo kichwani mwa msemaji, na tumefika pale ambapo swali si tena sarufi inaweza kuhamisha nini, bali inakataa kuhamisha kutoka wapi. Sijawahi kupenda mada ya isimu kama hii. Kwamba mtoto hafundishwi na mtu yeyote sentensi zipi asizitamke, na bado hazitamki, ni jambo linaloninyima usingizi kwa furaha.

Kwa wasioifahamu mada: Kiingereza hulichukua neno la kuuliza na kulipeleka mwanzoni mwa sentensi, hata likiwa limezaliwa ndani ya kishazi cha tatu. Mwaka 1967 John Robert Ross, katika tasnifu yake ya udaktari pale MIT, alionyesha kwamba kuna miundo ambayo ukishaingia ndani yake hutoki. Hulitoi neno ndani ya kishazi rejeshi kinachofafanua nomino. Hulitoi ndani ya kiima ambacho chenyewe ni kishazi. Hutoi upande mmoja wa vitu viwili vilivyounganishwa ukauacha wa pili, wala humng'oi mmiliki ukakiacha kinachomilikiwa peke yake. Miundo hiyo ndiyo aliyoiita visiwa.

Kazi tuliyopewa ni kuonyesha kila kikwazo kwa lugha ambayo mtu ameizungumza tangu utotoni. Baba yangu alikuwa askari. Kiacholi nilikisikia kwa bibi wakati wa likizo, lakini kambini Kiswahili ndicho tulichogombania mpira, ndicho tulichoitiwa chakula. Kwa hiyo nimechagua Kiswahili. Na tazameni yanayonipata:

Ulikutana na mtu aliyenunua nini?
Akello alinunua mchele na nini?
Umesoma barua ya nani?
Waliondoka kabla ya kula nini?

Zote safi. Niliziandika ubaoni katika chumba cha walimu na hakuna aliyekunja uso. Kila moja ingepaswa kuwa kisiwa. Nikasema labda nilipeleke neno la kuuliza mbele kwa nguvu, kwa "ni" na "amba-":

*Ni nini ambacho ulikutana na mtu aliyenunua?
Ni nini ambacho ulikutana na mtu aliyekinunua?

Ya kwanza inachechemea (nimeiwekea nyota, alama ya sentensi isiyokubalika, kama tunavyofundishwa). Ya pili inasimama. Tofauti yote ni "-ki-" moja. Vilevile "Ni nani ambaye umesoma barua yake?" inasimama, ila ukiiondoa "yake" ukabakiza "barua ya" inaanguka kabisa.

Naomba msaada kwa mambo matatu. Je, vikwazo hivi ni vya lugha zote au ni vya Kiingereza tu vilivyovalishwa vazi la lugha zote? "-ki-" inafanya nini pale ndani? Na je, sikio langu la kambini linafaa kuwa shahidi, au nitafute mtu wa Mombasa au Unguja?

Asanteni sana.

---

Nabirye_Jinja

Mwalimu Okot, usijitese. Ross alikuwa anaeleza Kiingereza. Lugha zetu haziliondoi neno la kuuliza mahali pake, na kikwazo cha safari hakimhusu asiyesafiri. "Nini" imekaa pale pale inapokaa "sukari" au "baiskeli". Andika kwamba Kiswahili hakina uhamishaji wa neno la kuuliza, kwa hiyo hakina visiwa, umalize kazi. Mimi nimechoka kuona wanafunzi wetu wakitafuta ndani ya lugha za Kibantu vitu ambavyo havimo kwa sababu tu vimo kwenye kitabu cha darasani.

---

Mama_Nambozo (Mbale)

Mwalimu Okot, usifute hata sentensi moja kati ya hizo. Data yako ni nzuri sana.

Nabirye binti yangu amesema nusu ya jibu, na nusu hiyo ni ya kweli: sharti la uhamishaji hupimwa pale tu kitu kinapohamishwa. Lakini kutoka hapo hadi "Kiswahili hakina visiwa" ni mbali. Okot mwenyewe ameleta sentensi yenye nyota. Hiyo nyota imetoka wapi kama visiwa havimo?

Nianze na historia kidogo, maana inasaidia kujua swali hili lilivyokua. Kabla ya Ross, mwaka 1964, Noam Chomsky, mwasisi wa sarufi zalishi, alikwisha kupendekeza kanuni iitwayo A juu ya A: kirai kikiwa ndani ya kirai kingine cha aina ileile, kanuni ya uhamishaji ikiguse kile kikubwa. Ross akaonyesha kwamba kanuni hiyo inakataza sentensi ambazo watu huzisema kila siku na inaziachia nyingine ambazo hakuna anayezisema. Badala yake akaleta ile orodha unayoisoma. Orodha ni kitu kizuri, lakini haielezi kwa nini iwe na hayo na si mengine. Ndipo mwaka 1973 Chomsky akatafuta sababu moja nyuma ya sehemu kubwa ya orodha: neno linalohama lisivuke mipaka miwili kwa hatua moja, na mipaka yenyewe ni kirai nomino na sentensi. Hili ndilo sharti la sabjasensi.

Uzuri wake unaonekana kwenye sentensi ndefu. "Ni kitabu gani unachodhani Akello alisema Okot alinunua?" haina shida yoyote ijapokuwa kitabu kimetoka mbali, kwa sababu neno hutua kwenye ukingo wa kila kishazi kabla ya kuendelea, na kila hatua ni fupi. Kishazi rejeshi hakina nafasi ya kutua: ukingo wake umekwisha kukaliwa na kirejeshi, na juu yake kuna nomino nzima ya kuvukwa. Hatua moja, mipaka miwili.

Sasa swali lako la kwanza. Luigi Rizzi alipopima Kiitaliano alikuta kwamba baadhi ya sentensi zinazokataliwa kwa Kiingereza, zile za kutoka ndani ya swali lililo ndani ya sentensi nyingine, Kiitaliano kinazikubali, lakini hakikubali kila kitu. Hakusema Kiitaliano hakina sharti. Alisema sharti ni lilelile, ila lugha hii inahesabu mpaka mahali pengine. Kwa hiyo mtu anayeuliza "ni la wote au la Kiingereza?" anaweza kujibiwa: sharti linaweza kuwa la wote na mipaka ikawa ya kila lugha. Hilo ndilo unalopaswa kulitafuta katika Kiswahili.

Tuje kwenye "nini" iliyotulia. James Huang, katika tasnifu yake ya mwaka 1982, aliichukua lugha ya Kichina, ambayo nayo huacha neno la kuuliza mahali pake. Alikuta kwamba maneno ya "nani" na "nini" hukaa ndani ya kishazi rejeshi bila taabu, kama ulivyoona wewe. Lakini neno la "kwa nini" halikai humo. Kama kutulia pekee kungetosha kukwepa visiwa, "kwa nini" nayo ingekwepa. Huang akahitimisha kwamba neno la kuuliza linahama hata pale lisipohama kwa sauti, na kwamba uhamaji huo wa kimyakimya una masharti yake, makali zaidi kwa vielezi kuliko kwa yambwa. Wengine baadaye wamesema la, "nini" haihami kabisa. Inafungwa pale ilipo na alama ya swali iliyo juu ya sentensi, na ni vielezi tu visivyoweza kufungwa hivyo. Mimi naelekea kwa hawa wa pili, lakini data inayohitajika ni ileile.

Basi jaribu hizi mbili:

Unamtafuta mtu aliyeuza shamba kwa bei gani?
Unamtafuta mtu aliyeuza shamba kwa sababu gani?

Ya kwanza inauliza bei ya shamba, na haina kasoro. Ya pili, kila ninayemwuliza hunipa sababu ya kutafuta: "Kwa sababu ananidai." Hakuna anayenipa sababu ya kuuza. Utasema ni kwa kuwa sababu inaweza kushika kitenzi chochote kati ya viwili na sikio limechagua kile cha juu tu. Ni hoja halali. Kwa hiyo ziba njia ya juu: "Najua unamtafuta kwa sababu ya deni. Sasa niambie, unamtafuta mtu aliyeuza shamba kwa sababu gani?" Kwangu swali hilo linasikika kama limetoka kwa mtu aliyesahau alichokisema sasa hivi. Maana ya sababu ya kuuza haiji hata inapoitwa. Hapo kuna kisiwa, Nabirye, na hakuna kilichosafiri kwa sauti.

Kuhusu "-ki-". Ross mwenyewe alitenganisha aina mbili za kanuni: zile zinazokata kitu na kuacha pengo, na zile zinazoacha kiwakilishi nyuma. Visiwa vinazibana zile za kwanza tu. Katika "mtu aliyekinunua" hakuna pengo. "Ambacho" iko juu, "-ki-" iko chini, zinaelekeana kama kiwakilishi na jina lake, na hakuna kilichovuka mpaka. "Barua yake" ni habari hiyohiyo.

Ila hapa nakuonya kwa nguvu: usipime kwa watu, pima kwa vitu. Ukitumia mtu, kiambishi cha yambwa kinakuja chenyewe, kisiwa kiwepo kisiwepo. "Umemwona nani?" ina "-mw-" na hakuna kilichohama wala kuokolewa. Nimesoma kazi za wanafunzi ambazo data yake yote imejaa Juma na Asha, na huwezi kujua kiambishi kimekuja kuokoa au kimekuja kwa sababu Juma ana uhai.

Sasa "na". Hapa ndipo Kiswahili kinapopendeza kuliko Kiingereza, nakuomba ukae hapa kwa muda. Tuna "na" ya kufuatana na "na" ya kuunganisha. "Akello alikuja na nani?" ina kitenzi cha umoja, kwa hiyo Akello peke yake ndiye kiima. Peleka mbele: "Ni nani ambaye Akello alikuja naye?" Safi. Sasa chukua "Akello na nani walikuja?" Kitenzi ni cha wingi, kiima ni wote wawili, huu ni muungano wa kweli. Peleka mbele: *"Ni nani ambaye Akello naye walikuja?" Imekufa, ijapokuwa "-ye" iko palepale ilipokuwa katika ile nyingine. Lakini ukisema "Ni nani ambaye yeye na Akello walikuja?" inaanza kupumua. Maana yake ni kwamba muungano hauridhiki na kiwakilishi kilichobandikwa kwenye "na". Unataka kiwakilishi kamili kinachosimama kama mshirika wa Akello. Hilo huwezi kulipata kwenye kitabu cha Kiingereza.

Na usisahau "-ka-". "Ni dawa gani ambayo Akello alikwenda mjini akanunua?" ni sentensi nzuri bila kiambishi cha yambwa, ingawa vitenzi viwili vimefuatana na dawa imetoka kimoja tu. Ross aliliona jambo hili kwa Kiingereza: ukisema mtu alikwenda dukani na kununua kitu, kile kitu kinatoka, kwa sababu kwenda na kununua ni tendo moja linaloendelea, si mambo mawili sawa yaliyowekwa kando kwa kando. Sisi tuna alama ya mwendelezo huo ndani ya kitenzi. Linganisha na *"Ni dawa gani ambayo Akello alinunua na Okot aliuza baiskeli?" Hizi ni habari mbili, na mlango umefungwa. Kitoe kitu kutoka pande zote mbili na mlango unafunguka: "Ni kitabu gani ambacho Akello alinunua na Okot akauza?"

Kiima ambacho ni kishazi nakiruka. Kiswahili hukipenda kukisogeza mwisho wa sentensi na huwezi kujua unapima nini.

La sikio lako. Sarufi tunayoichunguza ni ya kichwa cha msemaji. Wewe umekilelewa Kiswahili, una haki ya kukitolea ushahidi. Sema tu wazi katika kazi yako kwamba ni Kiswahili cha nani, na usichanganye hukumu zako na za mtu wa Unguja katika jedwali moja kana kwamba ni za mtu mmoja.

---

Ssali_Mukono

Mama, nimefurahi. Naongeza la Kiganda, maana linahusiana na onyo lako.

Kiganda kinaruhusu yote mawili. Unaweza kusema "Ogula ki?" ukaliacha neno la kuuliza mwishoni, au "Kiki ky'ogula?" ukalitanguliza, na hapo kirejeshi kinajitokeza. Lakini tazameni kishazi rejeshi cha kawaida: "ekitabo kye nnagula". Kitenzi hakina kiambishi cha yambwa, "kye" imetosha. Kwa Kiswahili unaweza kusema "kitabu nilichonunua" na pia "kitabu nilichokinunua", zote zikapita.

Kwa hiyo Mwalimu Okot ana tatizo jingine juu ya lile la watu na vitu. "-ki-" katika Kiswahili inaweza kuwapo hata pasipo kisiwa chochote. Kuiona tu ndani ya kisiwa si ushahidi kwamba imekuja kuokoa. Kinachothibitisha ni pale inapokuwa hiari nje ya kisiwa na lazima ndani ya kisiwa. Yaani kila sentensi ije kwa nne: bila kisiwa na bila "-ki-", bila kisiwa na "-ki-", ndani ya kisiwa bila "-ki-", ndani ya kisiwa na "-ki-". Ni ile ya tatu peke yake inayopaswa kuanguka. Zikianguka mbili, hujui umepima nini.

Na kama kuna Mganda darasani kwenu, mwombe afanye vivyo hivyo. Katika lugha ambayo kiambishi hakiji kwenye kishazi rejeshi cha kawaida, kikijitokeza ndani ya kisiwa utajua kimefuata nini.

---

Atim_Lira

Samahanini wakubwa, mimi siamini bado kwamba haya ni mambo ya sarufi.

Sokoni nasikia, na mimi mwenyewe nasema: "Dawa hiyo namjua mtu anayeuza." Hakuna "-i-" hapo, sikusema "anayeiuza". Dawa imetoka ndani ya kishazi rejeshi ikaja mbele na hakuna aliyeshtuka. Kiswidi nacho ni hivyohivyo. Wanaisimu wa huko wamekuwa wakileta tangu miaka ya 1970 sentensi za aina ya "maua kama hayo namjua mtu anayeuza", na ni za kawaida kwao. Nomi Erteschik-Shir mwaka 1973, na Kidenmarki chake, alisema kinachoamua ni habari: kishazi kikiwa ndicho kinachobeba jambo linalosemwa, kinatoa, kikiwa cha nyuma tu, hakitoi. Katika "namjua mtu anayeuza" habari yenyewe ni ya kuuza, kumjua mtu ni utangulizi tu.

Na kuna hoja ya kumbukumbu. Robert Kluender na Marta Kutas mwaka 1993 walieleza kwamba kushikilia neno akilini likisubiri pengo lake ni mzigo, na kuingia kwenye kishazi kipya ni mzigo mwingine. Mizigo miwili ikikutana, sentensi inaonekana mbaya. "-ki-" basi inapunguza mzigo, inamkumbusha msikilizaji tunazungumzia nini. Kwa nini tuweke sheria kichwani pale ambapo uchovu wa kichwa unatosha kueleza?

---

Okot_Mwalimu (Gulu)

Asanteni sana, Mama na ndugu zangu. Nimefanya kama Ssali alivyosema, kwa vitu tupu: kitabu, dawa, baiskeli, mfuko wa simsim. Ya tatu peke yake ndiyo iliyoanguka, kwangu na kwa walimu wenzangu wawili waliolelewa na lugha hii. Jaribio la bei na sababu limetoka kama Mama alivyosema, hata baada ya kuziba njia ya juu. Mwenzangu mmoja alinitazama na kusema, "Si umeshasema ni deni?"

Lakini limejitokeza jambo ambalo sikulitafuta. Nilikuwa nimetumia "amba-" kila mahali kwa sababu ni rahisi. Nikajaribu kirejeshi cha ndani ya kitenzi:

Hiki ndicho kitabu ambacho namjua mtu aliyekinunua.
*Hiki ndicho kitabu ninachomjua mtu aliyekinunua.

"-ki-" ipo katika zote mbili. Ya kwanza imepita. Ya pili inagongana kinywani. Nikadhani labda "-cho-" haipendi umbali, nikajaribu sentensi ndefu isiyo na kisiwa: "Hiki ndicho kitabu nilichosema Akello alinunua." Hakuna tatizo. Kwa hiyo "-cho-" inavumilia umbali lakini haivumilii kisiwa, na "-ki-" haiwezi kuisaidia. Je, kuna Kiswahili mbili ndani ya kishazi rejeshi?

Atim, sentensi yako ya dawa hata mimi naisema. Sijui niiweke wapi.

---

Mama_Nambozo (Mbale)

Okot, hilo la "amba-" na "-cho-" lifanye liwe moyo wa kazi yako. Yale mengine yawe utangulizi.

Tafsiri yangu ni hii. "Amba-" ni shina linalosimama lenyewe juu ya kishazi, na kile kilicho chini kinaweza kuwa sentensi kamili yenye kiwakilishi chake. Hakuna lazima kitu kitoke. "-cho-" imebandikwa kwenye kitenzi, na kitenzi hicho lazima kiwe njiani: ama kitabu ni yambwa yake, ama kitabu kimepita kwenye ukingo wa kishazi kinachokifuata. Katika "nilichosema Akello alinunua" kitabu kimetua kwenye ukingo kikaendelea hadi juu. Katika "ninachomjua mtu" hakina njia. Kitabu si yambwa ya kujua, mtu ndiye yambwa, na kishazi cha mtu kimefungwa. "-ki-" haisaidii kwa sababu "-cho-" haitafuti kiwakilishi, inatafuta njia. Deo Ngonyani ameandika juu ya vishazi rejeshi vya Kiswahili kwa nadharia hii, akitetea kwamba nomino yenyewe hupanda kutoka ndani ya kishazi. Msome ukiwa na sentensi zako mbili mkononi, uone kama maelezo yake yanazibeba.

Atim binti yangu, umeleta sentensi ngumu na nashukuru. Kwanza kumbukumbu. Jon Sprouse, Matt Wagers na Colin Phillips walilipima hilo na matokeo yakatoka katika jarida la Language mwaka 2012: kama kisiwa ni uchovu, mwenye kumbukumbu pana angekiona chepesi kuliko mwenye kumbukumbu finyu. Hawakuupata uhusiano huo. Halijamaliza ubishi, lakini anayedai uchovu sasa ana deni la kueleza. Na sentensi za Okot zinaongeza deni hilo: "ninachomjua mtu aliyekinunua" ni fupi kuliko ile yenye "ambacho", ina "-ki-" ileile ya kumkumbusha msikilizaji, na bado ndiyo iliyoanguka.

Sasa "Dawa hiyo namjua mtu anayeuza." Mada inayotangulizwa haina lazima ya kuwa imetoka popote. Unaweza kuitaja dawa, ukanyamaza, kisha ukasema habari yako. Na Kiswahili cha mazungumzo huacha yambwa iliyokwisha kujulikana. "Umeona kitabu?" "Nimeona." Hakuna kilichohama katika jibu hilo, yambwa ipo, haisikiki tu. Inawezekana dawa yako ni hiyohiyo: kiwakilishi kisicho na sauti mahali pa "-i-".

Kuna namna ya kuamua. Swali halina mada inayojulikana. Ukiuliza "gani", hakuna kilichokwisha kutajwa cha kuachwa kimya. Kwa hiyo linganisha:

Dawa hiyo namjua mtu anayeuza.
Ni dawa gani ambayo unamjua mtu anayeuza?
Ni dawa gani ambayo unamjua mtu anayeiuza?

Kama ya pili ni nzuri kinywani mwako kama ya kwanza, basi Kiswahili chako kinafanya kama Kiswidi, na mimi nitakuwa wa kwanza kutaka kuisoma data yako. Kama ya pili inaomba "-i-", basi ya kwanza haikuwa na uhamishaji. Kwangu inaiomba.

---

Atim_Lira

Nimezisema kwa sauti, nikamwuliza na dada yangu bila kumwambia kwa nini. Yeye alirudia ya pili akaiweka "-i-" mwenyewe bila kuambiwa. Mimi ya pili naiona ina kasoro, lakini si mbaya kama ile ya Okot ya "ninachomjua". Kuna ngazi hapa, Mama, si ndiyo au hapana tu. Na nikibadilisha "unamjua" nikaweka "ulimpiga picha", yaani "Ni dawa gani ambayo ulimpiga picha mtu anayeuza?", inazidi kuwa mbaya sana. Kishazi ni kilekile, umbali ni uleule. Erteschik-Shir angesema kumpiga mtu picha ni habari yenyewe, si utangulizi.

---

Mama_Nambozo (Mbale)

Hiyo ya picha ni data ya kweli na mipaka ya mwaka 1973 haiwezi kuieleza, kwa sababu mipaka haijui tofauti ya kujua na kupiga picha. Okot, iweke. Ongeza safu moja katika jedwali lako kwa kitenzi cha juu: kujua, kuwa na, kutafuta, kupiga picha, kumfukuza. Kisha ipitishe kwenye "amba-" na kwenye "-cho-" kila moja peke yake. Kama ngazi ya Atim inaonekana kwa "amba-" tu na kwa "-cho-" zote zinaanguka sawasawa, utakuwa umewatenganisha wawili hawa kwa ushahidi.

---

Okot_Mwalimu (Gulu)

Naanza leo jioni, kwa kitabu na baiskeli. Ssali, mwenzangu mmoja wa darasani ni Mganda wa Masaka na amekubali kufanya upande wa "kye". Nitaziweka hukumu zake hapa kabla ya kuzipeleka kwa mhadhiri.